Naetwe na Mlango wa Mama Mkwe

Mlinda mlango ndiye mwonyesha njia. Mmeisikia leo kwa wazee waliokuja kumposa dada yenu, na mnaniuliza imetoka wapi. Kaeni basi, mnisaidie kumenya hizi tangawizi. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu milimani Upare, watu wa zamani waliamini kwamba mwanamke hurithi tabia ya mama yake kama anavyorithi sura. Palikuwa na ukoo mmoja ambao wanawake wake walisemwa wana miguu myepesi: wanaolewa, wanazaa, kisha wanaondoka. Naetwe alizaliwa katika ukoo huo. Mama yake alikuwa ameachana na mumewe, na bibi yake vilevile. Waliondokea nini, hakuna aliyeuliza.

Akaolewa na Mbazi, kijana mpole asiyependa maneno. Mama mkwe, Bi Nakijwa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu, maana Mbazi ndiye mwanawe pekee. Akaanza kumlinda mkwe wake. Naetwe akienda kuteka maji, Bi Nakijwa yuko nyuma. Akienda sokoni, jirani anatumwa amwangalie asije akashika barabara kubwa. Kanga zake nzuri zilifungiwa katika sanduku la mama mkwe. Na kila akichukua jembe aende shamba, anaambiwa, "Urudi, mwanangu. Nawajua nyinyi."

"Ndiyo, mama," huitikia Naetwe, na hurudi.

Akamzaa binti, Nanzia. Baba mkwe, mzee Kiangi, alipopooza, Naetwe ndiye aliyemgeuza kitandani na kumlisha. Miaka ikapita hivyo, na kulindwa hakukupungua.

Ndipo habari ikaja kwamba mama yake Naetwe amefariki. Akaomba ruhusa ya kwenda kwao, ng'ambo ya mto, kuzika.

"Ukivuka mto ule hutarudi," Bi Nakijwa akasema.

"Mama, tangu nije hapa nimekosa nini?"

"Hujakosa bado."

"Bado?"

"Damu haina haraka."

Naetwe akamtazama mumewe. Mbazi alikuwa akinoa panga. Aliendelea kunoa.

Mama yake akazikwa bila yeye. Matanga yalipokwisha, asubuhi kweupe, Naetwe aliosha vyombo, akamnywesha mzee uji, akamwogesha mtoto, akatoka. Hakukimbia. Bi Nakijwa alikuwa amekaa mlangoni akipepeta mahindi. Alisogeza ungo, akampisha, kama mtu ambaye mgeni wake aliyechelewa amefika.

Majirani wakaja. "Si tulisema? Ni damu ile."

"Ni damu," akaitikia Bi Nakijwa.

Mzee Kiangi akasema kutoka kitandani, polepole, kwa ulimi wake mzito: "Alipokuja hapa hakuijua njia ya kuondoka. Wewe umemwonyesha kila siku, mama Mbazi. Mlinda mlango ndiye mwonyesha njia."

Mbazi alimfuata mkewe kwa shemeji yake, kaka wa Naetwe. Naetwe akampa maji ya kunawa, akampikia.

"Sina hasira nawe, baba Nanzia," alimwambia. "Nimechoka. Sikuwaza kabisa kuondoka. Lakini kila siku naambiwa nirudi, mwisho nami nikajiuliza kama nitarudi."

Mbazi akala, akashukuru, akarudi peke yake.

Nanzia akalelewa na bibi yake. Alipovunja ungo, majirani wakaanza tena: mwangalieni huyo, miguu ni ya mama yake. Siku moja alijifunga kanga, akaaga kwamba anakwenda kumwona mama yake ng'ambo ya mto. Jirani mmoja akamnong'oneza Bi Nakijwa amzuie, au walau amtume mtu amfuate.

Bi Nakijwa alikuwa mzee sasa, macho yamefifia.

"Bibi, nirudi lini?" Nanzia akauliza.

"Utajua mwenyewe, mjukuu wangu. Msalimie."

Binti akaenda. Kisha Bi Nakijwa akamgeukia yule jirani. "Kazi hiyo nimeifanya mimi mpaka nikachoka," akasema, "na faida yake umeiona. Mlinda mlango ndiye mwonyesha njia."