Kopo Moja, Laini ya Saba

Sogeeni, nyote mliokaa na mliosimama, mnisaidie kuamua, maana mimi limenishinda.

Kwenye shamba moja la mkonge, nyumba za wafanyakazi, laini ya saba, wanaume watatu walikaa chumba kimoja. Nyambu alikuwa na miguu isiyochoka. Kilonzi alikuwa na mikono ya kuficha kitu hata mwenyewe ukakikosa. Mwakio, mpishi wa kantini, alikuwa na macho mapya: ana miaka arobaini na miwili, juzi tu katoka darasa la ngumbaru, akawa anasoma kila kitu, hata gazeti la kufungia nyama. Waliishi kama ndugu, na siri yao ilikuwa moja: wote walipenda wanaume. Na wote walimeza kidonge kimoja kila siku, wasipate Ukimwi.

Nyambu ndiye aliyezileta dawa hizo. Kwenye zahanati ya shamba, karani huita jina lako na dawa yako kama yuko mnadani. Kwa hiyo kila mwezi, mvua au vumbi, Nyambu alipiga baiskeli nusu siku mpaka mjini kwa muuguzi aliyewaelewa, akarudi na makopo matatu.

Kilonzi ndiye aliyezificha. Alijaza pamba ndani ya makopo yasilie, akayashonea kwenye magodoro. King'ora cha jioni kikilia, alipiga mluzi. Wenzake wakajua: meza.

Na Mwakio? Siku moja nyapara alikuja kupulizia kunguni dawa, akapasua godoro, kopo likadondoka. Akatoka nalo nje, akaliinua juu, laini nzima inatazama.

"Ukimwi! Imeandikwa hapa! Ya nani hii?"

Nyapara alisoma neno moja. Mwakio alisoma mstari mzima, kimoyomoyo, mpaka nukta: *Ya kujikinga na Ukimwi.* Angeusoma kwa sauti, wangeuliza: mnajikinga na nani, wanaume watatu msio na wake?

"Yangu," akasema. "Mimi mgonjwa."

"Uuuwi! Na chapati zake tumekula!" mama mmoja akapiga kelele.

Mwakio hakugusa sufuria tena. Walimtupa kukata mkonge. Mama yake mzazi akamtumia sahani na kikombe, vya peke yake.

Mwezi uliopita Nyambu alikuta kliniki ya mjini imefungwa. Aling'oa karatasi mlangoni, akamletea Mwakio.

"Tusomee, kaka."

"Huduma zimesimama. Hatujui hadi lini." Mwakio akaikunja. Siku hiyo alitamani asingejua kusoma.

Muuguzi alikuwa amemfuata Nyambu nje, akampa kopo moja, la mwisho. Vidonge thelathini.

"Tugawane kumi kumi," Nyambu akasema.

"Kumi kumi tumekwisha sote," Kilonzi akasema. "Mmoja apone."

"Basi ni mimi. Nani aliyezileta?"

"Na nani aliyekufichia miaka miwili, we Nyambu? Baiskeli?"

Wakamgeukia Mwakio.

"Mimi nishaitwa mgonjwa," akasema taratibu. "Nikiugua kweli, nani atashtuka?"

Hawakujua anaomba au anakataa. Hata yeye hakujua.

King'ora kikalia. Kilonzi hakupiga mluzi. Kopo liko katikati yao, limejaa pamba, kimya.

Haya, wewe unayesikiliza, nyoosha mkono ulichukue. Unampa nani?