Biskuti za Bi. Mejumaa

Kila tarehe ishirini na tatu Disemba, wapangaji wa ghorofa ya nne mtaani Tudor hawakuhitaji kuambiwa kwamba Krismasi imefika. Harufu ya iliki na siagi iliyoungua kidogo ilipanda ngazi kutoka kwa Bi. Mejumaa, ikawabishia hodi mlangoni. Kwa zaidi ya miaka thelathini siku hiyo ilikuwa siku ya biskuti. Hakuna mwana wala mkaza mwana aliyethubutu kupanga safari.

Bi. Mejumaa alijifunza kuoka biskuti hizo ujanani, alipokuwa mfanyakazi katika nyumba moja ya Kibokoni. Bibi wa nyumba ile alizioka kwa ajili ya Idi; naye Mejumaa alipoolewa akazihamishia Krismasi. Hakuwa na kipimo kilichoandikwa popote. Kipimo chake kilikuwa kiganja. Aliufikicha unga kwa siagi, akausikiliza vidoleni, kisha akasema "Bado" au "Basi", na neno lake likawa hukumu. Wengine walisukuma, wengine wakakata viduara kwa mdomo wa bilauri, na watoto wakagombania vipande vilivyopasuka. Hata mwaka aliofiwa na mumewe, mzee Kitsao, biskuti ziliokwa, ingawa waliozioka walikuwa wakilia.

Winnie, kifungua mimba wake, ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia. Alikuwa karani katika ofisi moja ya mizigo kule Mbaraki, mwanamke mchapakazi, mkarimu kwa ndugu zake, na mwenye kupenda kila jambo liende sawasawa. Kasoro yake ilikuwa moja. Ulimi wake ulizoea kufika kabla ya fikira zake. Mara nyingi aliwaumiza watu kisha akajuta, na kwa kuwa walimsamehe, hakuona haja ya kujirudi.

Mwaka huo alikuwa amejigamba sana ofisini kuhusu biskuti za mama yake, hata wenzake wawili, Aida na Becky, wakaomba kuja kujifunza. Kwa Winnie ilikuwa fahari iliyoje. Alisugua jikoni tangu asubuhi, akanunua trei mpya, akamvalisha mama yake kanga iliyotoka dukani juzi.

Kwa miezi kadhaa Bi. Mejumaa alikuwa akiuliza swali moja mara tatu. Mara moja alipotea njia akirudi kutoka kanisani, akaletwa nyumbani na mwenye tuktuk. Winnie aliyaona hayo, akayaita uzee, akayafumbia macho.

Jikoni siku hiyo, Bi. Mejumaa aliwafundisha wageni kwa furaha, mikono yake ikienda bila kusitasita. Trei ya kwanza ilitoka ikiwa na rangi ya dhahabu. Aida akauma kipande. Uso ukamsawijika. Becky naye akauma, akageukia dirishani na kukitema kiganjani kwa siri. Winnie alionja. Ilikuwa chumvi, chumvi tupu, kikombe kizima mahali pa sukari.

"Si neno," alisema Aida upesi. "Hata mimi nyumbani hukosea."

Lakini aibu ilikuwa imekwisha kumpanda Winnie kichwani.

"Mama, umefanya nini?"

Bi. Mejumaa alitazama mikebe miwili iliyokuwa mbele yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. "Nimetia sukari," alisema. "Sikutia sukari?"

"Umetuharibia kila kitu na kuniaibisha mbele ya watu. Akili yako imekuwa ya kitoto, mama. Basi ondoka hapa jikoni, nenda ukakae na watoto wenzako."

Nekesa, mke wa Kahindi, ndugu yake Winnie, aliweka bilauri chini. "Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "huyo ni mama."

Bi. Mejumaa alinawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, akaikausha kwa kanga yake mpya. Kisha akatoka, akaenda sebuleni, akaketi sakafuni katikati ya wajukuu, magoti yake yakilia. Alikaa pale mpaka wageni walipoaga. Winnie alioka trei nyingine na wenzake wakazisifu biskuti zake kwa adabu. Alijiambia kwamba angemwomba mama radhi kesho. Kesho ikawa na pilikapilika za Krismasi, na keshokutwa mama alionekana mchangamfu. Neno likapita. Au Winnie alidhani limepita.

Mwezi wa Februari daktari aliwaeleza yeye na Kahindi kwamba mama yao ana ugonjwa wa kusahau, tena ulikuwa umeanza zamani. Winnie alilia ndani ya gari mpaka Kahindi akamnyang'anya ufunguo, akaendesha yeye. Tangu siku hiyo alihamia kwa mama yake. Alimwogesha, akamlisha, akamsuka nywele. Ugonjwa ulichukua kimoja kimoja: majina ya majirani, kifo cha mzee Kitsao, na mwishowe jina la Winnie mwenyewe. Bi. Mejumaa akawa anamwita "binti", kwa adabu, kama anavyoitwa muuguzi.

Disemba iliporudi, Winnie alitayarisha unga, siagi na iliki. Chumvi aliitoa kabisa jikoni. Alimfuata mama yake sebuleni, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, twende tukaoke. Tunakungoja wewe."

"Ahsante, binti," alijibu Bi. Mejumaa. "Lakini mimi siruhusiwi jikoni. Mwanangu aliniambia nikae na watoto."

Winnie alimshika mikono. "Mwana yupi, mama?"

"Winnie. Hapendi nimwaibishe mbele ya watu. Na mimi nampenda, sitaki kumuudhi."

"Mama, Winnie ni mimi. Nilikosea. Nisamehe."

Mama yake alimfuta machozi kwa pindo la kanga. "Nyamaza, binti. Nimekusamehe, ingawa sijui umenikosea nini."

Asubuhi iliyofuata Winnie alijaribu tena. Radhi ya jana ilikuwa imesahauliwa. Neno la mwaka jana lilikuwa palepale. Akajibiwa vilevile, kwa upole uleule.

Walizioka bila yeye. Nekesa alisema siagi imezidi, Kahindi akasema iliki imepungua, na hapakuwa na wa kusema "Bado" wala "Basi". Biskuti zikatoka ngumu kama vigae. Winnie alimpelekea mama yake moja kwenye kisahani. Bi. Mejumaa aliitafuna kwa subira.

"Waliooka wamejitahidi," alisema, "lakini mkono si ule. Angekuwepo Winnie wangu mngeona. Nilimfundisha mwenyewe, tangu akiwa hafikii meza."

"Ndiyo, mama," Winnie aliitikia, akakipokea kisahani.

Kidole kikijikwaa hufungwa kitambaa, na kabla ya wiki kuisha mtu anatembea. Lakini neno la Winnie lilikuwa limekwenda kukaa mahali ambapo hakuna dawa wala radhi ingeweza kulifikia. Ndiyo maana wahenga walinena, na Winnie akalijua neno lao kwa machozi: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.