Kidonge cha Mama Atupele

Asiyemwona mgonjwa humwambia ameze. Mmeisikia methali hii kwenye korido ya famasi mkacheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Ilianza hivi, nami nikiisimulia bado napandwa na hasira.

Nsajigwa alikuwa wa kwanza darasani miaka yote minne ya shahada ya famasia. Ila chumba cha wagonjwa mahututi hakuwahi kukikanyaga. Chuo chake kilisema huko ni kwa madaktari na wauguzi, mfamasia akae kwenye dirisha la dawa. Upuuzi mtupu!

Wiki yake ya kwanza ya mafunzo kazini, ililetwa kutoka chumba hicho karatasi ya dawa ya Mama Atupele: vidonge vya presha. Nsajigwa akavifungasha, akaandika juu ya kibahasha kwa mwandiko safi: "Ameze kimoja asubuhi, kimoja jioni." Akaridhika.

Haikupita nusu saa, Sista Leokadia, muuguzi mkuu wa wagonjwa mahututi, akasimama dirishani na kibahasha kile.

"Mfamasia, ameze nani?"

"Mgonjwa, Sista."

"Haya, njoo umwambie mwenyewe."

Akamfuata. Mama Atupele hakuwa na fahamu. Mashine ilikuwa ikimpumulia, na mpira wa kulishia umepitishwa puani. Kidonge kimoja kilishatiwa kwenye kinu kidogo, kisagwe kipite mpirani. Nsajigwa akakidaka kile kinu.

"Usisage, Sista! Hiki kimetengenezwa kitoe dawa polepole, kwa muda wa saa kumi na mbili. Ukikisaga, yote inaingia kwa mpigo. Presha itaporomoka, tumpoteze!"

"Kumbe unajua!" Sista alifoka. "Unajua, halafu unaniandikia ameze? Humu ndani nani anameza? Angekufa mama wa watu, ungesemaje?"

 Nsajigwa alimpigia daktari, dawa ikabadilishwa, Mama Atupele akanusurika. Kesho yake Nsajigwa alikwenda chuoni, moja kwa moja kwa mkuu wa idara.

"Mtaala umejaa," mkuu akamwambia. "Na wewe dawa za presha ulipata A."

"Niliipata," Nsajigwa akajibu, "na jana nusura niue nayo. Mlinifundisha dawa, mgonjwa mkamficha!"

Akamwekea kibahasha mezani. Mkuu alisoma neno lile la kwanza, akainamisha kichwa, kisha mtaala akaubadilisha.

Ndiyo maana kesho nyinyi wanafunzi wa famasia mnaanzia kwa wagonjwa mahututi kabla hamjaligusa dirisha. Na anayenung'unika kwamba miguu itamuuma kusimama kule, nasema asubuhi atangulie yeye. Asiyemwona mgonjwa humwambia ameze.