Vidole vya Shimoni

Sogeeni karibu nisipaze sauti, maana ninayemsema yuko chini ya mchanga na anasikia.

Bi Subira alivuna manjano, akachagua vidole vilivyonona viwe mbegu, akavifukia kivulini, ndani ya shimo la mchanga mkavu. Akamwambia Mize, mke wa mwanawe, "Mwanangu, hivi havipikwi. Vina mwenyewe mpaka mvua."

Mize akaona uvivu kwenda sokoni. Akafukua kidole, akaungia mchuzi. Mchanga ukanong'ona, "Kimoja."

Kesho yake akafukua tena. "Viwili."

Siku iliyofuata akafukua tena. "Vitatu. Sasa zamu yangu."

Tangu hapo Mize hakutoa mkono wake ndani ya kanga.

Mvua iliponyesha, Bi Subira alifungua shimo. Mbegu hazikupungua hata moja, na zote zilikuwa zimechipua. Tatu kati yake zilikuwa na kucha zilizopakwa hina.

"Mama, nirudishie," Mize akalia.

Bi Subira aliutazama ule mkono uliofichwa. "Mbegu hairudi nyumbani, mwanangu," akasema, akazipanda zote.

Hadithi yangu nimeifukia hapo. Hesabuni vidole vyenu kabla ya kulala.