Karatasi za Pandu

Sogeeni karibu niwasimulie. Anayeogopa amshike mwenzake.

Zimwi lilitawala mji, likila mtoto mmoja kila mavuno. Pandu akaandika karatasi za kulipinga, na kila karatasi ilijisoma yenyewe kwa sauti yake Pandu ikifunuliwa. Zimwi likamla Pandu. Mkewe, Mize, akabaki na watoto wanne na karatasi tele. Akazifungia njugu, akaziuza sokoni.

Zimwi likamjia pale sokoni. "Mjane, karatasi za mumeo ziko wapi?"

"Sizijui, bwana mkubwa."

Siku ya pili likaja, likawanusa watoto. "Ziko wapi?"

"Sizijui, bwana mkubwa."

Siku ya tatu likamkamata kitindamimba. "Basi namla huyu!"

"Huyo mifupa mitupu, bwana mkubwa. Anza na njugu."

Kwa ulafi likamwachia mtoto, likatafuna kapu zima, njugu na karatasi zake.

Tumboni karatasi zikafunuka, sauti ya Pandu ikavuma: "Liko moja, nanyi ni wengi!" Zimwi likaziba mdomo, sauti ikatokea puani. Soko zima likainuka na michi na mapanga.

Zimwi lilipoanguka, Mize alimkumbatia mwanawe. Zimwi lilikuwa limekufa, lakini mumewe alikuwa bado anasema.

Nimefika mwisho. Kalaleni, mkiweza.