Mama Kanga na Mbweha Muuza Ngoma

Hadithi, hadithi, iko mlangoni.

*Ifungulie iingie.*

Imetoka mbali, ina vumbi miguuni.

*Ipe maji, ipe na kiti.*

Ikishakaa haitaki kukatizwa.

*Tumenyamaza.*

Haya sogeeni, na wewe wa mwisho toka hapo kizingitini ukae huku ndani nikuone, ndipo nisimulie vizuri.

Zamani, zamani sana, wakati ambapo wanyama walisema na ndege wakawajibu, palikuwa na mama mmoja, Mama Kanga. Si kanga ya kujifunga, ni kanga ndege, yule mwenye madoa, anayekimbia kabla hajajua anakimbia nini.

Alikuwa na vifaranga watano, na alikuwa mwoga. Jani likianguka, anahesabu watoto. Upepo ukivuma, anahesabu watoto. Akimaliza kuhesabu anaanza tena, maana labda kuna mmoja amemhesabu mara mbili.

Sasa pale walipokaa nyasi zilikuwa ndefu, zinampita kifaranga kichwani, na mbele ya nyasi kuna shamba la mtama, na kifaranga akishaona mtama hasikii la mtu. Kwa hiyo Mama Kanga alikuwa na kayamba. Ile ya matete, yenye mbegu ndani, unaishika huku na huku unaitikisa. Jua likipanda na yeye anapanda juu ya kichuguu, anatikisa:

Chaka, chaka, chaka… cha.

Mmesikia? Ile ya mwisho inachelewa. Inachelewa kwa sababu kabla ya pigo la mwisho Mama Kanga alikuwa anageuza shingo kuangalia nyuma, hakuna mtu? hakuna kitu? ndipo anamalizia. Hakufundishwa na yeyote. Ulikuwa woga tu, lakini alipiga hivyo kila siku, jua kwa mvua, mpaka woga ukageuka kuwa mdundo.

Na vifaranga popote walipo, wakiusikia, wanaacha mtama, wanakuja mbio wanaimba:

*Ni mama, ni mama,*
*ni mama yetu anaita.*

Imbeni na nyie. Haya, vizuri, inatosha.

Siku moja akapita Mbweha. Amebeba mti begani, na kwenye mti amening'iniza ngoma na mazeze na filimbi na njuga, kila hatua anapiga kelele kama harusi inayohama. Mama Kanga kumwona tu, yuko juu ya tawi. Mbweha akasimama mbali, akatua mzigo wake taratibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya huko huko. Usisogee."

"Sisogei, mama. Mimi nyama nimeacha. Meno yananiuma, siku hizi nakula matunda, nafanya na biashara. Nilikuwa kule ng'ambo nikasikia mtu anatikisa, nikasema huyu ni fundi, lazima nimwone. Kumbe fundi mwenyewe anatikisa matete."

"Matete yana nini?"

"Hayana kitu, mama. Ndiyo shida yake."

Akaigonga ngoma kidogo kwa ukucha, ikanguruma vizuri, nyasi zikatikisika. "Hii inasikika mpaka mtoni. Mtoto akienda mbali, mama, utamwita na matete?"

Neno lile, mbali, likamwingia Mama Kanga kifuani likakaa. Akauliza, "Unaiuza vipi?"

"Vibaba viwili vya mtama. Na hiyo kuukuu unipe, nikawashie moto."

Sasa nyie jiulizeni, mbweha na mtama wapi na wapi. Lakini alijua akisema bure mama atashtuka. Mtu akitajiwa bei anaacha kumwogopa muuzaji, anaanza kuiogopa bei. Mama Kanga akalalamika, akapunguziwa, akafurahi. Akatoa mtama, akatoa kayamba, akachukua ngoma.

Jua likapanda, naye akapanda kichuguuni. Ngoma nzito, inateleza, macho yote yako kwenye ngoma, mabawa hayajui yapige wapi. Di. Dididi. Di.

Vifaranga wakainua vichwa kwenye mtama.

"Nani huyo?"

"Simjui."

"Kuleni."

Wakala. Mama Kanga akashuka kuwatafuta mmoja mmoja kwa miguu, anahema.

Si kwamba ngoma ilikuwa mbaya. Angeipiga siku nyingi wangeizoea, na yeye angeizoea. Lakini kabla hawajazoeana Mbweha akapita tena.

"Vipi ngoma, mama?"

"Watoto hawaji."

"Basi si wewe, mama, wewe mkono wako mzuri. Ni ngoma. Watoto wa siku hizi wanataka kitu laini." Akampa zeze, akachukua ngoma, akachukua na mtama.

Mama Kanga akakwaruza zeze. Vifaranga wakasema kuna mbu mkubwa, wakaenda kujificha upande wa pili wa shamba. Siku hiyo wa mwisho alipatikana jua linazama, na mama amehesabu wanne, amehesabu wanne, amehesabu wanne.

Mngedhani ameshakoma. Kesho yake akakutana na jirani yake Bi Kwale, naye ana filimbi mpya mdomoni na nyingine kwapani.

"Shoga, bado uko na zeze?"

"Nimelipata juzi tu."

"Juzi ni zamani. Mbweha ameleta marimba. Mbao kumi, kila ubao na sauti yake. Mwenye marimba hahangaiki kufuata watoto."

"Wewe umeinunua?"

"Mimi nimeiona. Filimbi hizi zenyewe sijapuliza, namalizia kwanza kununua."

Mama Kanga akampelekea Mbweha mtama wote uliobaki ghalani, ule wa kiangazi, na zeze juu yake. Akarudi na marimba kichwani na vijiti viwili. Ghala tupu, lakini moyoni akasema sasa yameisha, sasa watakuja.

Haya, Mbweha je? Mbweha hakuchoma kayamba. Ngoma aliitupa, zeze akalitupa, mtama akaumwaga njiani ukaliwa na panya. Kayamba peke yake aliiweka vizuri. Muda wote alikuwa anaitaka hiyo tu, na hizo nyingine alimpa mama ili watoto wasijue tena mama anaita vipi. Akajisemea, ngoma hawakuizoea, zeze hawakulizoea, marimba hawajaisikia. Wanachokijua ni kayamba, na kayamba ninayo mimi.

Asubuhi iliyofuata vifaranga wako kwenye mtama, Mbweha akatua mzigo wake njiani, akajibanza penye nyasi, akalamba midomo, akatikisa:

Chaka, chaka, chaka, cha. Chaka, chaka, chaka, cha.

Vifaranga wakarukaruka. Kayamba imerudi. Wakaanza kukimbia, wakaanza na kuimba, ni mama, ni mama. Mara wa katikati akasimama, na wa nyuma wakamgonga.

"Mbona hajageuka?"

"Nani hajageuka?"

"Huyo anayepiga. Mama anageuka kwanza."

Wakasikiliza. Chaka, chaka, chaka, cha. Kweli, imenyooka. Hakuna pale pa kungoja.

Mnaona Mbweha naye alivyokosea. Alidhani sauti ya Mama Kanga imo ndani ya matete. Mwenye matete anayo sauti, ndivyo alivyodhani, akaona hakuna haja ya kusikiliza wala kujifunza. Na angejifunzaje, yeye hana mtoto wa kumwogopea, angegeuka nyuma aangalie nini?

Kuona hawaji akatikisa kwa nguvu. Hawaji. Akatikisa kwa nguvu zaidi, matete yakakatika, mbegu zikamrukia puani, akapiga chafya, na chafya ya mbweha hata kifaranga wa jana anaijua. Wakatawanyika. Mmoja huku, mwingine kule, kila mmoja peke yake ndani ya nyasi ndefu, na Mbweha ameingia humo humo, anawanusa.

Mama Kanga yuko kichuguuni. Alikuwa amesikia kayamba yake inalia, na yeye hakuishika. Hapo akaelewa yote kwa mara moja, mtama, bei, meno yanayouma, yote.

Akaipiga marimba. Akapiga mbao zote kumi, za juu, za chini, vijiti vinagongana. Vifaranga wakalala chini kabisa, wakaogopa wawili sasa, mwenye chafya na mwenye kelele. Hakuna aliyetikisika.

Mbweha akacheka kutoka kwenye nyasi. "Piga, mama, piga. Nikitafuta huku nasikiliza mziki raha yake."

Mama Kanga akazidi kupiga ovyo mpaka kijiti kimoja kikamponyoka kikabiringika chini ya kichuguu. Akabaki na kimoja. Mbao kumi zile hajui ipi ni ipi. Akapiga ule uliokuwa karibu.

Ko, ko, ko…

Akageuka kuangalia nyuma. Hakuwaza kufanya hivyo, shingo iligeuka yenyewe.

…ko.

Nyasi zikatulia. Akapiga tena.

Ko, ko, ko… ko.

"Umesikia?" sauti ndogo ikasema huko kwenye nyasi.

"Si kayamba hiyo."

"Si kayamba, lakini amegeuka."

Imbeni basi, imbeni wamsikie, wako mbali:

*Ni mama, ni mama,*
*ni mama yetu anaita.*

Akatoka wa kwanza. Akatoka wa pili. Mama hakuacha kupiga, ubao ule ule, mdundo ule ule, na kwa bawa moja anawasukumia nyuma yake, ndani ya kichaka cha miiba kilichoota ubavuni mwa kichuguu. Wakatoka wawili kwa pamoja wameshikana mbawa. Akahesabu. Wanne. Ko, ko, ko… ko. Wanne.

Wa tano akatoka, na Mbweha nyuma yake, mdomo wazi. Kifaranga akapita chini ya tumbo la mama, akaingia kichakani. Mama akaruka. Mbweha mbio zilishamzidi, akaingia kichakani na kichwa chote, akafunga mdomo, na alichokifunga mdomoni kilikuwa miiba.

Alilia yule. Alirudi kinyumenyume, akaondoka anatema miiba, hakukumbuka mti wake wala mzigo wake, na upande ule hakuonekana tena.

Mama Kanga akahesabu watano. Akahesabu tena, watano. Akahesabu tena, si kwa woga safari hii, alipenda tu kusikia.

Habari zikamfikia Bi Kwale, naye akaja kuangalia mzigo wa Mbweha ulioachwa njiani. Akachukua mazeze, akachukua njuga, akazifunga shingoni, akawa hawezi kuruka.

"Shoga, njoo uchague, ni bure. Mwenyewe hatarudi."

"Chukua tu."

"Utabaki na marimba hiyo hiyo? Nimekusikia, unapiga ubao mmoja."

"Leo mmoja," Mama Kanga akasema. Alikuwa ameinama juu ya marimba, vifaranga wamemzunguka. "Ukae kimya kidogo, najaribu wa pili."

Basi ndiyo hivyo, wanangu. Kitu unaweza kukipata kwa siku moja, ukiwa na mtama wa kutoa. Kukijua ni siku nyingi, na hakuna anayeuza hizo siku, hata Mbweha hakuwa nazo kwenye mti wake. Kwa hiyo ulicho nacho mkononi kijue kwanza mpaka mwisho wake, na wale wanaokusikiliza wakujue, ndipo uangalie cha mwenzako.

Hadithi yangu imefika inapolala. Kama ni tamu tumeila wote, kama ni chachu niachieni mimi niliyeipika.