Kamati Iliyoingia Kihengeni

We unayeguna hapo nyuma, guna vizuri nikusikie! Hadithi haijaanza, umeshaanza kubisha. Eti wanyama hawawezi kuwa na kamati? Kwani ninyi mlio nazo mmewazidi nini? Kaa chini, kunja miguu, wengine wapite.

Paukwa!
Pakawa!
Kihenge?
Kimejaa!
Nani kaona?
Kamati!

Basi, wanyama wa bondeni walikuwa na kihenge kikubwa cha pamoja. Kila mmoja aliweka humo mtama wake, akiba ya kiangazi. Mtunzaji alikuwa Ngiri. Na huyo huyo Ngiri ndiye aliyegawa mashimo ya kulala. Chakula chako kwake, malazi yako kwake. Hata ukikohoa, unakohoa kwa adabu.

Lakini Ngiri hakuachiwa hivi hivi. Alikuwa na kamati ya kumkagua. Mwenyekiti alikuwa Nyumbu, kichwa kikubwa, cha ndani haba. Wa pili alikuwa Kanga, asiyejua neno jingine ila "naunga mkono." Wa tatu alikuwa Bi Sange, kibibi kidogo kuliko ngumi, pua ndefu, ulimi mrefu kuliko pua.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu. Wakifika, Ngiri huwapokea, "Karibuni waheshimiwa, chakula kwanza!" Hula, nyam nyam nyam. Wakishiba, Nyumbu hupanda ngazi, kwe kwe kwe, hufunua kifuniko, huona mtama umefika ukingoni. Hushuka akihema.

"Kimejaa."

"Naunga mkono," husema Kanga.

"Tumeridhika," husema Bi Sange, punje bado ziko shavuni.

Kikaja kiangazi, kiangazi hasa. Wanyama wakaenda kudai akiba zao. Ngiri akasimama mlangoni, meno nje.

"Kihenge kiko kwenye matengenezo. Na anayenung'unika atoke kwenye shimo langu!"

Wajukuu wa Bi Sange wakawa wanatafuna mizizi mikavu, kau kau kau. Mmoja akauliza, "Bibi, si wewe uliyesema kimejaa?"

"Nilisema. Nilikuwa nimeshiba, mjukuu wangu. Siku ile hata jiwe ningeliona limeshiba."

Kamati ikaitwa. Bi Sange akajua kabisa, wakisema tena wameridhika, wajukuu hawataiona mvua. Na yeye akifungua mdomo vibaya, Ngiri atawatoa shimoni.

Wakafika. Chakula kwanza! Bi Sange akala. Ndiyo, alikula! Mlitaka agome? Na njaa ile? Alikula, akaramba na vidole.

Nyumbu akapanda, kwe kwe kwe, akafunua, akashuka.

"Kimejaa."

"Naunga mkono."

Ngiri akamgeukia Bi Sange. "Na wewe, bibi?"

"Mimi sina neno, mwanangu. Naona tu tunakuonea. Mtunzaji mzima kama wewe, kihenge kimoja? Kile cha ng'ambo ya mto hakina mwenyewe. Tukupe na hicho."

Meno ya Ngiri yakameta. "Nipeni!"

"Naunga mkono!" Kanga huyo, hajaulizwa.

"Ila ukipokee mbele za watu," akasema Bi Sange. "Simama juu ya mtama, bonde zima likuone."

Ngiri akakitazama kihenge. Juu ya mtama? Anachokijua anakijua mwenyewe. Lakini kihenge cha pili! Akawaza, nitakanyaga ukingoni, penye fito. Wanyama wakaitwa, naye akapanda polepole kama anayekanyaga mayai, akajibana pembeni.

"Sogea katikati, baba, hatukuoni!" akaita Bi Sange.

"Hapa panatosha!"

"Mwenyekiti, umeona heshima hiyo? Katikati amekuachia wewe!"

Nyumbu kusikia heshima, huyo ngazini. Kanga nyuma, puru puru puru. Na Bi Sange mwenye akili zake, naye akaparamia bega la Nyumbu. Kuonekana nani hapendi?

"Asikanyage!" Ngiri akapiga kelele. "Mzuieni!"

"Si kimejaa? Unaogopa nini?"

Nyumbu akaweka mguu. Kraa! Gubuuu! Wote chini! Kumbe ule mtama ulitandazwa juu ya mkeka, na chini ya mkeka hamna kitu, vumbi na buibui.

Wakakohoa gizani. Bi Sange, pua imepinda, akasema, "Waheshimiwa, leo kwa mara ya kwanza tumeingia ndani ya kazi yetu."

"Naunga mkono," akasema Kanga kwa kijisauti.

Ngiri akaona tundu lake, lile alilolichimba kutoka shimoni kwake hadi chini ya kihenge. Akaliingia kinyumenyume, maana ngiri ndivyo waingiavyo. Lakini makalio yale yalikuwa yamekula mtama wa bonde zima. Akakwama, pu! Kichwa huku, mwili kule. Bi Sange akapenya chini ya tumbo lake, akatokea upande wa pili. Shimo zima mtama!

"Uko huku!" akapiga kelele. "Chimbeni!"

Wanyama wakachimba, kila mmoja akachukua chake. Wajukuu wakala hadi wakasinzia na vijiko mkononi. Ngiri akafukuzwa.

Nyumbu akatoa taarifa, kifua mbele, "Tumegundua haya baada ya uchunguzi wa kina."

"Kweli," akasema Bi Sange akijisugua. "Makalio yangu ndiyo shahidi."

Wakamteua yeye kuwa mtunzaji mpya. Msimu uliofuata kamati ikaja kukagua. Harufu ya maharage ya nazi ikawapokea njiani.

"Bi Sange, tukione kihenge."

"Karibuni waheshimiwa. Chakula kwanza!"

"Naunga mkono!"

Hadithi imeishia hapo, sikuikata mimi. Na funzo lake, maana bila funzo hamtalala: waamini wanaokula vizuri, hawana sababu ya kuiba. Na kihenge kikifunikwa usikichungulie, utavunjika pua.

Kihenge?
Kimejaa!
Nani kaona?

Mbona kimya? Haya, bakini na ukimya wenu. Mimi natoka, kuna mahali nimealikwa chakula. Msinifuate, mlango naufunga mwenyewe.

Pa!